Minza Alisomea Karakanani

Mwaka 1967, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alifariki kule Sola, wilaya ya Maswa, na masomo yangu yakaishia hapo hapo. Nilikuwa darasa la pili. Wakubwa wa ukoo waligawana ng'ombe, mimi nikagawiwa kazi ya kuwachunga.

Sisemi haya ili mnihurumie. Huruma sijawahi kuila nikashiba. Nasema ili mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani. Ninyi vijana mnaoanza familia hapa Bariadi, kila Jumapili mkitoka ibadani mnanikamata mkono na kuniuliza, "Mzee, yule mjukuu wako mlimfundishaje nyumbani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka mdomo umechoka. Basi naandika mara moja, kila mtu asome mwenyewe. Minza ananisahihishia herufi. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Kazi yangu ilikuwa matela ya kukokotwa na ng'ombe. Ukiona tela linapita barabara ya Itilima limebeba pamba na halilii magurudumu, uliza nani alilitengeneza. Nilikuwa nachukua ekseli ya gari bovu, nakata, nachomelea, napanga beringi, halafu napanda juu na mbao. Tela si sanduku lenye miguu kama wengi wanavyodhani. Ukiweka ekseli nyuma kidogo kuliko inavyotakiwa, mzigo wote unalala shingoni mwa ng'ombe. Ukiiweka mbele mno, mzigo unamnyanyua ng'ombe, anatembea kwa ncha za kwato kama bibi harusi. Vijana wa siku hizi wananunua vyuma vimeshakatwa, wanafunga boliti, wanasema ni mafundi. Sawa. Siku tela likibinuka mlimani watanitafuta.

Aliyenifundisha ni Mzee Shija, fundi wa Maswa, ambaye sasa ni marehemu. Alinichukua machungani nikiwa kijana wa kuota ndevu za kwanza, akaniweka nyumbani kwake pamoja na wanawe. Karakana ilikuwa uani, jikoni kulikuwa hatua chache, na Biblia ilikaa kwenye kibao juu ya misumari. Jioni maranda yakishafagiwa, kabla ya ugali, tulikaa wote tukasoma. Kila mtu mstari wake. Zamu iliponifikia mara ya kwanza nikasema, "Mimi sijui."

Mzee Shija hakuniruka. Akasema, "Kuna neno moja hapo unalolijua. Litafute."

Nilitafuta huku wali wa watu unapoa... hapana, ugali, Minza ananikumbusha kwamba nimeshaandika ugali. Nikaona neno "na". Nikalisoma. Watoto wake wakataka kucheka, akawatazama, wakameza kicheko. "Amesoma," akasema. "Kesho atasoma mawili." Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma mimi, jirani na patasi na randa, kwa mtu ambaye hakuwa na cheti chochote ukutani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nyumbani si mahali pa kusomea, namwacha amalize, halafu namwambia mimi nimesomea wapi.

Niwape na hili la nira, kwa sababu litarudi mbele. Siku moja nilichonga nira, ule mti unaokaa shingoni mwa ng'ombe wawili. Niliona imependeza. Mzee Shija akaishika, akaizungusha, akaona upande mmoja nimechonga kina zaidi kuliko mwingine. Hakunichapa, hakutukana. Akaniwekea nira ileile mabegani mwangu, akaning'inizia ndoo huku na huku, akaniambia niende kisimani nikachote maji nirudi. Niliporudi bega la kushoto lilikuwa linawaka moto.

"Sasa ng'ombe angekuambiaje?" akaniuliza.

Tangu siku hiyo sijachonga nira bila kwanza kuivaa.

Sasa Minza.

Mwanangu Daudi na mkewe wanafanya biashara ya samaki Lamadi. Wanaamka usiku kununua dagaa na sangara, mchana wako barabarani. Minza ni binti yao wa kwanza. Akiwa mdogo sana hospitali ilisema ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoshika watoto wengi huku kwetu. Baridi ikimpata, au akitembea sana bila kunywa maji, maumivu yanamwingia kwenye mifupa mpaka anauma nguo. Daudi akatuletea, kwa sababu mke wangu Lea ana subira na kwetu kuna mtu nyumbani saa zote.

Shule iko ng'ambo ya korongo. Kwa mtoto mzima si mbali. Kwa Minza ilikuwa safari. Wiki mbili anakwenda, wiki inayofuata amelala. Akirudi darasani anakuta wenzake wameshavuka, yeye amebaki upande huu. Mwalimu wake wa darasa alikuwa kijana mmoja mwenye watoto wengi mbele yake kuliko ng'ombe mnadani, simlaumu. Minza akajifunza ujanja. Wenzake wakisoma kwa sauti, naye anafungua mdomo. Amefika darasa la tatu hivyo, anafungua mdomo tu.

Lea ndiye aliyegundua. Alimpa kitabu cha nyimbo, wimbo anaoujua kwa kichwa, akasoma vizuri kabisa. Halafu Lea akageuza ukurasa wa wimbo asioujua. Minza akaimba uleule wa kwanza.

Lea akafunga kitabu. Akaniita kule karakanani. "Baba Daudi, huyu mtoto nitamfundisha hapa hapa."

"Na shule?"

"Shule anakwenda siku anazoweza. Siku asizoweza, mimi ndiye shule."

Lea amemaliza darasa la saba na baba yake alikuwa katekista, kwa hiyo hapa nyumbani ndiye msomi. Nilikubali. Daudi alipopata habari akaja na pikipiki mpaka uani, hajazima hata injini vizuri.

"Baba, shikamoo. Nimesikia Minza anasomea karakanani."

"Marahaba. Umesikia vizuri."

"Mtoto si maksai, baba, mpaka umfunge nira hapo."

"Maksai wangu wote wanalima. Wewe una hoja gani?"

"Hoja yangu ni upimaji wa darasa la nne. Akifeli anarudia, na akirudia atakata tamaa. Mimi nimeshaongea na shule ya bweni Mwanza. Akifeli, Januari nampeleka."

Lea alikuwa anapepeta mchele, akaacha. "Bweni? Akishikwa usiku nani atampa maji? Nani atajua kwamba akinyamaza ndipo anaumwa?"

"Mama, watoto wa watu wanakaa bweni."

"Watoto wa watu hawana damu ya huyu."

Si mtu mbaya, Daudi. Alikuwa anaogopa binti yake abaki mjinga kama mimi nilivyoogopa yeye abaki maskini. Lakini neno lake hakulirudisha. Akifeli, bweni. Na Minza alikuwa mlangoni amesikia yote.

Hapo ndipo mjue tulikuwa tunacheza na nini. Haikuwa suala la nani anajua kufundisha. Ilikuwa ni iwapo huyu mtoto atakaa na watu wanaojua ukimya wake, au hatakaa.

Haikupita muda mwalimu mkuu naye akaja. Mama mmoja kutoka Moshi, mrefu, kiatu safi hata wakati wa tope, sijui alikuwa anakanyaga wapi. Nikamwamkia kikwetu, "Mwadila, mayu," kwa sababu ilikuwa mchana, na kwetu mwanamke wa heshima unamwita mayu. Akaitikia vizuri tu. Alikuwa ameshajifunza. Nikampa kiti kisicho na misumari.

"Mzee, mtoto ameandikishwa shuleni kwangu na haonekani. Sheria inanitaka nimuulizie. Mtoto wa umri huu lazima awe shule."

"Yuko shule. Ile pale." Nikamwonyesha Minza, amekaa juu ya gurudumu anasoma na bibi yake.

"Hiyo si shule, mzee."

"Inafundisha."

"Nimeona inafundisha. Sijasema haifundishi. Nimesema sheria."

Ningeendelea kubishana mpaka jua lizame, maana nina kipaji hicho, lakini Lea akaleta chai na cheti cha hospitali. Mama yule akasoma taratibu. Akauliza maswali ya maana: maumivu huanzaje, anahitaji maji mara ngapi, baridi inamfanyaje. Akasema, "Haya niliyasikia juu juu tu. Hakuna aliyenieleza." Basi tukakubaliana. Minza anabaki kwenye daftari la mahudhurio la shule. Siku za uzima anakwenda. Siku za maumivu anasomea nyumbani, na Lea atachukua kazi za darasa kila Ijumaa. Majaribio yote anafanyia shuleni pamoja na wenzake. "Na kama nyumbani hakutoshi," akasema akisimama, "nitawaambia usoni." Nikampenda kwa hilo. Mimi pia husema usoni.

Sasa mnataka kujua faida. Nitawaambia nilizoziona mimi, za vitabuni mtajitafutia.

Ya kwanza, mtoto hakimbizwi. Mzee Shija alinifunza kufundisha maksai hivi: dume jipya humfungi na dume jipya mwenzake, wote watavunja plau. Unamfunga na maksai mzee anayeijua njia. Mzee hamvuti wala hamsukumi, anatembea tu, na mdogo anajikuta anatembea. Nyumbani Minza alifungwa na Lea. Neno likimshinda, Lea anasimama hapo. Wakikaa kwenye mstari mmoja asubuhi nzima, hakuna kengele ya kuwafukuza. Akaja siku akasoma wimbo asioujua, kwa kusitasita, mpaka mwisho. Lea akajifanya macho yameingia moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Ya pili, imani haikai Jumapili peke yake. Ninyi wengi mnadhani kumlea mtoto kikristo ni kumvisha soksi nyeupe na kumpeleka kwenye shule ya Jumapili. Pale kwetu asubuhi tulikuwa tunasali, tunasoma sura, halafu tunaingia kazini, na ile sura inatufuata. Siku moja tulikuwa tumesoma habari za mizani ya uongo. Kabla hata hatujamaliza uji, akaja bwana mmoja na tela lenye ufa kwenye ekseli. Ufa wa kufisha.

"Fundi, usihangaike kuchomelea," akasema. "Paka rangi tu pale. Jumamosi naliuza mnadani."

Kazi ya rangi ni rahisi, na mteja ni mteja. Lakini kuna macho mawili yamesimama nyuma ya pipa yananitazama, na hayajui hata kupepesa.

"Sipaki," nikasema. "Nitachomelea, au uondoke nalo."

"He, wewe siku hizi ni fundi au mchungaji?"

Lea akajibu kutoka jikoni, "Asubuhi hii ni mwalimu. Mwanafunzi wake anakuangalia."

Yule bwana akamtazama Minza, akacheka kwa aibu, akasema haya, chomelea. Sasa niambieni, ni ubao gani ungefundisha hilo? Na mjue kwamba linafundisha pande mbili. Ukiamua kumfundisha mtoto nyumbani umejiwekea shahidi ndani ya nyumba. Mimi nilinyooka uzeeni kwa sababu ya Minza.

Ya tatu, unamjua mtoto wako. Baba wengi wa hapa mnajua ng'ombe yupi anapenda kuchelewa na yupi hapendi kuguswa sikio. Mtoto hamjui anaogopa nini. Mimi nilijua Minza akisema "nimeelewa" haraka, hajaelewa. Nilijua akikuna kiwiko, maumivu yanakuja, tuache hesabu tumwekee maji ya moto. Nilijua anapenda kuuliza maswali ya vipimo.

Na hayo maswali ya vipimo ndiyo yaliyotutia matatani.

Tulikuwa tunasoma habari za safina ya Nuhu. Minza akauliza, "Guku," ndivyo anavyoniita babu yake kikwetu, "hii safina ilikuwa kubwa kama nini? Kama kanisa?"

Sikujua. Lakini kuna vipimo vimeandikwa pale, dhiraa kadhaa urefu, dhiraa kadhaa upana. Nikamwambia dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Pamba ilikuwa imeshavunwa na mabua yameng'olewa, shamba jeupe. Tukatoka na kamba na vigingi. Nikamwambia apime kwa mkono wake mwenyewe, maana safina ni yake leo. Alipochoka tukakaa, akanywa maji, tukaendelea kesho yake. Majirani wakapita wakauliza mzee anajenga nini. "Meli," Minza akajibu. Mmoja akasema, "Basi mvua mwaka huu itakuwepo." Tulipomaliza, vigingi vilifika hadi kwenye mpaka wa jirani na tukaomba ruhusa ya kuendelea kwake. Minza akasimama katikati akageuka pande zote, akasema, "Kumbe wanyama walitosha." Hesabu za kuzidisha, za eneo, za kugawanya vyumba, zote alizifanya kwenye ile safina, kwa dhiraa. Vikibaki vipande vidogo anamalizia kwa inchi, kwa sababu mimi futi kamba yangu nasoma upande wa inchi. Fundi wa matela anafanya kazi kwa futi na inchi, ule upande mwingine wa kamba kwangu ulikuwa mapambo.

Mwaka uliofuata, Minza akiwa darasa la nne, likaja jaribio la katikati ya mwaka. Siku chache baadaye mwalimu mkuu akatuita shuleni, mimi na Lea. Alikuwa ameweka karatasi mezani na uso wake haukuwa wa ugomvi, ulikuwa wa mtu anayezuia kitu.

"Mzee, wanafunzi waliambiwa wapime urefu wa dawati. Nikusomee alichoandika Minza?"

"Soma."

"Dhiraa tatu na inchi tano."

Mwalimu wa darasa akatoka nje haraka kama aliyeitwa.

"Ni kweli au si kweli?" nikauliza.

"Nimepima kwa mkono wake, ni kweli kabisa. Lakini nchi hii inapima kwa sentimita, mzee. Na kila swali la vipimo amejibu hivyo. Njia sahihi, kipimo cha Nuhu." Akageuza karatasi. "Na hapa kwenye insha, kichwa kilikuwa Siku Yangu ya Sokoni. Ameanza kwa kumshukuru Mungu kwa kutuamsha salama, akaombea wagonjwa, na amemalizia na Amina. Sokoni amefika kwenye mistari miwili."

Lea akajifunika uso na khanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka kiti kinatikisika, na mwalimu mkuu naye akashindwa kujizuia. Mimi peke yangu nilibaki na uso wa heshima, maana safina ilikuwa yangu.

Walipomaliza, mama yule akafuta macho akasema alichoahidi kusema usoni. "Hesabu zake za sehemu ni nzuri kuliko za wengi humu. Anasoma, tena anaelewa. Lakini kwa alama hizi upimaji hapiti. Na Baba Minza amenipigia simu."

Kicheko kikaisha hapo.

Vijana, hapa ndipo wengi wanaofundisha nyumbani wanapopotea. Kuna mmoja anaona aibu anaacha, anamrudisha mtoto shule na kunawa mikono. Mwingine anapanda hasira, anasema shule ndiyo mbovu. Nilipoanza kuchonga nira ya upande mmoja, nilipewa niivae. Basi nikaivaa. Nikamwambia mwalimu mkuu, "Mayu, tuonyeshe panapouma."

Akatuonyesha. Akatupa orodha ya mada za darasa la nne, akatuazima vitabu. Kwa sayansi akasema wazi kwamba hatuwezi, na ni kweli, mimi moyo nilidhani uko kulia. Tukapanga Minza asikose vipindi vya sayansi hata kama itabidi nimpeleke kwa tela. Mambo ya kusali kwenye insha Lea aliyaweka sawa: sali kwanza kwa mdomo, halafu andika ya sokoni. Na Jumamosi wenzake wawili watatu wakawa wanakuja karakanani kufanya hesabu pamoja naye, kwa sababu mtoto anayefundishwa na wazee watupu anaanza kuongea kama mzee. Minza alikuwa ameshaanza kuguna akikaa.

Na mimi nikajifunza sentimita. Nilikuwa na miaka zaidi ya sitini, nimetengeneza matela ya wilaya nzima, nimekaa juu ya pipa mjukuu ananiuliza, "Guku, hili pipa kimo chake?" Nasema futi mbili na nusu. Anatikisa kichwa. "Geuza kamba, guku." Nageuza. Mzee Shija angeniona angesema, amesoma, kesho atasoma mawili.

Siku ya kwanza ya upimaji mvua ilianza alfajiri. Ile mvua ya mwanzo, ya baridi. Minza alikuwa amekaa kitandani anakuna kiwiko.

Lea akanitazama. "Tufanyeje?"

"Muulize mwenyewe."

Minza akasema, "Magoti yanauma kidogo. Nakwenda."

Alikuwa hajasema haraka. Nikamwamini.

Nikafunga maksai wangu wawili, Meneja aliye mzee na Tajiri aliyekuwa bado anajifunza. Ndani ya tela tukaweka godoro la pamba, turubai juu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na Lea akapanda naye. Tajiri alipoona korongo limeanza kujaa akataka kugeuka. Meneja hakujali, akatumbukiza miguu akaenda, na Tajiri akajikuta amevuka. Nikasikia Minza nyuma ananiuliza, "Guku, kutoka hapa mpaka shuleni ni dhiraa ngapi?"

"Usinijaribu," nikasema. "Ni mita mia nane na ushee."

Bibi yake akacheka, naye akacheka, na ndipo nilipojua kwamba hofu imemtoka.

Mwalimu mkuu alikuwa kibarazani na sweta mkononi. Hakusema kitu kirefu. Alimvisha, akamwekea maji kwenye dawati, akaniambia, "Sasa huyu ni wangu mpaka mchana." Nilikaa chini ya turubai na Lea mpaka walipotoka. Tulisali. Sitawadanganya kwamba nilisali kwa utulivu. Nilimwambia Mungu wazi kwamba bweni silitaki.

Matokeo yalipotoka Januari, Daudi ndiye aliyeyaona kwanza kwenye simu. Alikuja na pikipiki, safari hii akazima injini kabla ya kufika uani. Kwenye keria amefunga sangara mkubwa, na mbele amemkalisha mdogo wake Minza, Yoshua, ambaye alikuwa anaanza darasa la kwanza.

"Amepita," akasema. "Vizuri kuliko nilivyopita mimi."

"Wewe hukufundishwa na Lea," nikasema. "Wakati wako Lea alikuwa shambani na mimi nilikuwa natafuta vyuma. Tulikuachia walimu peke yao."

Akatazama chini. Jioni alikaa nasi kwenye usomaji. Zamu ilipita kwa Lea, kwa Minza, ikafika kwake. Alisoma mstari wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akaomba asome na wa pili.

Asubuhi wakati wa kuondoka akasema, "Mama, na huyu Yoshua nimwache hapa. Mmfundishe kama mlivyomfundisha dada yake."

Lea akamfunga Yoshua vifungo vya shati, akamkalisha tena kwenye pikipiki. "Huyu ni mzima, shule iko mlangoni kwenu. Apelekwe shule. Halafu jioni mfundishe wewe."

"Mimi? Mimi nitamfundisha nini, mama? Mimi najua samaki tu."

"Anza na samaki," Lea akasema. "Wana uzito, wana bei, na kuna njia ya kuwauza kwa kweli na njia ya kuwauza kwa uongo. Ukimaliza hayo yote uje nikuongezee."

Daudi alicheka, lakini aliondoka nayo. Sasa hivi ukipita Lamadi jioni utamkuta mtoto ameshika mizani na baba yake anamwuliza maswali. Mke wake anasema hata wateja wameongezeka, kwa sababu mbele ya mtoto yule mizani haidanganyi.

Kwa hiyo msisubiri muwe wasomi. Msiwatoe watoto shule kwa kiburi pia, shule ina mambo ambayo wewe huna. Lakini msidhani mkishalipa sare kazi yenu imekwisha. Mungu hakumpa mwalimu mkuu mtoto wako. Alikupa wewe. Kaa naye. Mfundishe unachokijua, kwa ukweli, na usichokijua kajifunze naye.

Minza yuko darasa la saba. Maumivu bado yanakuja, yanaondoka. Anataka kuwa mtu wa kupima damu maabara, ili watoto wengine wajulikane mapema. Sasa anasema karatasi inakwisha, nimalize.

Haya ndiyo niliyo nayo leo: nyumba ya bati ya vyumba vinne. Karakana, ambayo siku hizi inafunguliwa zaidi Jumamosi. Ng'ombe kumi na mmoja, pamoja na Meneja ambaye halimi tena na haniombi ruhusa. Shamba la pamba lenye vigingi vya safina ambavyo sijaving'oa. Biblia mbili, ya Kisukuma na ya Kiswahili. Ubao mmoja mweusi ukutani. Futi kamba moja, naisoma pande zote mbili. Mke mmoja, Lea. Na mjukuu anayelala chumba cha pili, ambaye akinyamaza mno, sisi tunajua.